Mjane na Tundu la Moto

Usenge,
6 Mei 1991

Kwa Bwana Kamrudin, fundi wa bunduki, Kisumu.

Salamu nakupa, na habari mbaya nakupa pamoja nazo. Mimi ni Perez, mke wa Joram Oketch, yule dereva wa lori la samaki aliyekuletea bunduki ya baba yake mwaka juzi, ile ya gumegume inayopakiwa baruti kwa mdomo. Ulimbadilishia jiwe, ukamwambia kwamba bunduki hiyo ina umri mkubwa kuliko barabara ya Bondo. Alicheka wiki nzima. Sasa Joram hayupo. Mafuriko ya mwezi uliopita yalibeba lori lake pale Ahero, akiamini kwamba anaijua njia hata ikiwa chini ya maji. Tumemzika hapa kwao.

Sikuandikii ili unililie. Wa kulia tunatosha.

Kwetu mwanamume akifa, wanaume huenda mpakani na ng'ombe, mikuki na makelele kukifukuza kifo. Tunaita tero buru. Katika boma hili kazi hiyo humalizwa na bunduki ya marehemu baba mkwe wangu, Mzee Oketch. Inalia mara moja, watu wanarudi kula. Chifu anaijua, ina kibali tangu zamani, na baruti huitoa yeye mwenyewe. Safari hii aliyeishika ni Absalom, kaka mkubwa wa Joram. Akafyatua. Moto ukawaka pembeni, moshi ukamjaa machoni, bunduki kimya. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu hata ng'ombe walikuwa wamechoka kusubiri.

"Imekataa," akasema mbele ya watu wote. "Joram hajatoka hapa. Iko kitu huyu mama amefanya."

Kitu chenyewe wote wanakijua. Nimekataa kurithiwa. Absalom anataka kuwa jater wangu, aingie nyumbani mwangu mahali pa ndugu yake, nami nilimwambia hapana kabla udongo wa kaburi haujakauka. Sasa wazee wamesema hivi: nisipande shamba, paa langu lisiguswe, na siku ya ukumbusho mwaka ukiisha bunduki itafyatuliwa tena. Ikikataa, mimi nitarudishwa kwetu Nyakach, na watoto wangu Dishon na Opiyo watabaki.

Bwana Kamrudin, Absalom amekwisha kurithi wajane wawili, Agneta na Lornah. Wote wawili walikonda wakaisha, na watu hapa wanasema ni chira, laana ya kuvunja mila. Yeye mwenyewe siku hizi anautoboa mshipi wake matundu mapya ili suruali isianguke. Mimi nina macho. Simtaki, na hata angekuwa mnene nisingemtaka.

Nakuuliza neno moja tu. Bunduki ile ina nini?

Wako,
Perez Awuor


Kisumu,
15 Mei 1991

Mama Dishon,

Pole. Joram alikuwa mtu wa kelele na wa haki, na alinilipa kwa sangara mkubwa ambaye mke wangu alishindwa kumwingiza sufuriani. Nimesikitika kweli.

Lakini hapo unaponiuliza bunduki ina nini, nasikia kama unaniuliza mimi nilifanya nini. Basi sikia. Jiwe nililoweka ni zuri. Bapa la chuma linalogongwa na jiwe nililichoma na kulizimisha majini upya, na cheche zilitoka nyingi hata nikaunguza mkono wa shati. Hapa Kisumu nimebaki peke yangu anayejua mitambo hiyo. Wengine wote wamehamia kwenye cherehani na stovu, na mimi pia kwa njaa natengeneza cherehani na stovu, lakini bunduki naijua.

Sasa hasira imenipungua, nimeisoma barua yako tena. Umesema moto uliwaka pembeni. Basi wewe umeona vizuri kuliko huyo shemeji yako. Bunduki ya gumegume ina moto mara mbili. Jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia baruti kidogo iliyo kwenye kisahani cha nje. Huo ndio moto wa kwanza. Halafu moto huo lazima uingie ndani ya mtutu kupitia tundu dogo ubavuni, tunaliita tundu la moto, ukawashe baruti kubwa. Huo ndio wa pili, nao ndio unaolia. Kwenu wa kwanza uliwaka, wa pili haukuwaka. Kwa hiyo jiwe langu halina kosa, na marehemu hana kosa. Moto umekwama mlangoni.

Litazame tundu hilo. Liko wapi ukilipima na kisahani: juu, katikati, au chini kabisa? Ukiingiza waya mwembamba unakwenda mbali au unagonga kitu? Hakikisha kwanza hakuna baruti ndani. Mtoe mtu yeyote mbele ya mtutu, hata kama ni Absalom.

Kamrudin


Usenge,
2 Juni 1991

Fundi,

Nimechelewa kwa sababu bunduki inakaa nyumbani kwa mama mkwe wangu, Mama Seline, na ilibidi ningoje Absalom aende mkutano wa injili Bondo. Ndiyo, ni mwinjilisti. Ameokoka tangu mwaka themanini na nane, na anasema mila zote ni za shetani isipokuwa ile inayompa mke wa ndugu yake.

Nilidhani Mama Seline atanifukuza. Ni mzee mwenye maneno machache, na tangu mazishi hajaniambia lolote la kunipinga wala la kunitetea. Aliishusha bunduki mwenyewe, akaiweka mapajani mwangu, akaendelea kuchambua omena.

Tundu liko chini kabisa, Fundi. Limekaa kwenye sakafu ya kisahani, si katikati. Ukimimina baruti linazikwa. Niliingiza waya wa kufungia maboya. Uliingia kidogo tu, ukagonga chuma upande wa nyuma. Niliupinda kuelekea mbele ndipo ukapita.

Habari nyingine. Wiki iliyopita nilirudi kutoka ufukweni nikakuta koti la Absalom limetundikwa kwenye kiti cha Joram. Kwetu koti la mwanamume likilala nyumbani mwa mjane, kazi imekwisha, watu wanahesabu kwamba amemrithi. Nililichukua kwa ncha ya jembe nikalitundika nje kwenye kamba ya samaki, likanyeshewa mpaka asubuhi na kuku wakalipanda. Boma zima lililiona pale lilipokuwa. Alikuja kulichukua akasema, "Nyar Nyakach, wewe binti wa Nyakach, unacheza na moto." Nikamjibu kwamba aliyeshindwa na moto mpakani si mimi.

Paa linavuja. Hakuna fundi hapa anayekubali kuligusa. Nimelifunika kwa nailoni.

Perez Awuor


Kisumu,
11 Juni 1991

Mama Dishon,

Umenichekesha mpaka mteja akadhani nimepandwa na wazimu.

Waya wako umesema yote. Tundu la moto linatakiwa likae usawa wa ukingo wa juu wa kisahani, ili mwali ulioruka uingie moja kwa moja. Lenu liko chini, kwa hiyo moto hauruki, unatambaa. Unakula baruti punje kwa punje kama utambi, na mara nyingi unazimika njiani. Hilo ni kosa la kwanza. La pili, mtutu umezibwa nyuma kwa kizibo cha chuma, na tundu lilipaswa kuwa mbele ya kizibo hicho. Lenu liko nyuma mno, nusu yake inatazama chuma kitupu. Moto ukifika hapo unakuta ukuta. Aliyelitoboa alikuwa mtu wa haraka, na alikufa kabla babu yangu hajapanda meli kuja huku, kwa hiyo hatuwezi kumgombeza.

Kulitoboa upya ni kazi ya siku moja kwangu. Lakini siruhusiwi kuigusa bila barua ya mwenye kibali, na mwenye kibali sasa nadhani ni Absalom.

Kinachonisumbua ni hiki. Joram aliniambia kwamba enzi za baba yake bunduki hii haikukataa hata siku moja. Kwa tundu kama hilo haiwezekani, labda Mzee alikuwa na ujanja wake. Muulize mama mkwe: mzee alifanya nini kabla ya kumimina baruti? Alitia kitu tunduni?

Kamrudin


Usenge,
30 Juni 1991

Fundi Kamrudin,

Ni unyoya!

Nilimuuliza Mama Seline kama ulivyosema. Akakung'uta ungo wake kwanza. Halafu akasema, "Si ile unyoya ya kanga? Oketch alikuwa anadunga kwa hiyo shimo. Anaweka baruti, anagonga na fimbo, halafu akifika kwa mpaka ndio anatoa." Unyoya wa bawa, Fundi, ule wenye mrija mgumu. Watu wote waliuona ubavuni mwa bunduki na wote walidhani ni pambo la shujaa, kama manyoya ya kichwani. Joram alifundishwa, na baba yao alipokufa mwaka themanini na tano yeye ndiye aliyefyatua, ikalia. Kisha Absalom akaokoka. Akakusanya vitu vyote vya baba yake alivyoviita uganga, akavichoma nyuma ya zizi. Unyoya ulikuwa humo. Bunduki aliiacha kwa sababu ina kibali cha serikali.

Sasa niambie kama nimeelewa. Unyoya ukikaa tunduni wakati baruti inashindiliwa, ukiutoa unaacha njia wazi mpaka ndani, na moto unapita bila kutambaa. Ndivyo?

Kama ndivyo, basi shemeji yangu alichoma ile mila iliyokuwa ikifanya kazi akabakiza ile inayomfaa. Nimecheka peke yangu jikoni, na ni mara ya kwanza tangu Ahero.

Nitangoja siku ya ukumbusho. Wacha waendelee kuninunia.

Perez Awuor


Usenge,
9 Februari 1992

Kwa Mheshimiwa Bwana Kamrudin,

Bwana asifiwe. Mimi ni Absalom Oketch, mwinjilisti na kichwa cha boma la marehemu Mzee Oketch. Ndugu yangu Joram alikuwa akikusifu. Shemeji yangu Perez naye anakusalimu sana.

Mwezi wa nne tutafanya ukumbusho wa Joram. Kama ulivyosikia, siku ya mazishi bunduki ilituaibisha, na aibu hiyo imemwangukia mjane. Maneno ya watu ni mengi. Kama kichwa cha boma naumia kuona mama wa watoto wetu akikaa chini ya paa linalovuja kwa sababu ya chuma kibovu. Nataka siku hiyo bunduki ilie, ili mambo yake yamalizike kwa heshima na amani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nimekuja kwako wewe mkuu wa kazi hii. Tafadhali nieleze la kufanya.

Wako katika Kristo,
Absalom Oketch


Kisumu,
14 Februari 1992

Bwana Absalom,

Nimefurahi kupata barua yako. Kusema kweli nilikuwa na picha mbaya juu yako, nashukuru umeifuta.

Dawa ni rahisi na shemeji yako ndiye aliyeigundua, kwa hiyo mpe sifa zake. Tafuta unyoya wa bawa la kanga, mrija wake utoshe tunduni. Uchomeke kabla ya kumimina baruti, shindilia kitambaa tu bila risasi, kisha uutoe taratibu. Kwenye kisahani weka baruti kidogo, usilizike tundu. Itakulilia bila kusita.

Na hilo paa lake liezekwe mapema, mvua ziko karibu.

Kamrudin


Usenge,
1 Machi 1992

Kamrudin,

Umefanya nini?

Jana Absalom alisimama mbele ya watu ufukweni, wachuuzi wa samaki wote wakisikia, na unyoya wa kanga mkononi. Akatangaza kwamba siku ya ukumbusho atafyatua mwenyewe, na bunduki ikilia, maana yake Joram amekubali mke wake arithiwe. Siku hiyo hiyo ataingia nyumbani mwangu. Mzee Enos, mkubwa wa ukoo, akasema ni haki, kwa kuwa mwaka jana bunduki ilikataa na mwaka huu lazima ipewe nafasi ya kukubali. Watu wakapiga makofi.

Nikamuuliza Absalom, je, unyoya si ulikuwa wa shetani? Akasema ameuombea.

Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, au alikupaka wewe? Salamu gani mimi nilimpa akuletee? Mwaka mzima nimewaambia watu wa hapa kwamba bunduki ni chuma na si mdomo wa mtu. Walipokuwa hawanisadiki nilikuwa na unyoya wangu, nikisubiri siku yangu. Sasa unyoya umempa yeye. Ikikataa, ni mimi ndiye niliyemkasirisha Joram. Ikilia, Joram amenigawa.

Sina la kuongeza. Nina hasira na wewe, na nimeandika hivyo ili uijue.

Perez


Kisumu,
6 Machi 1992

Mama Dishon,

Mimi ni mjinga. Nilisoma neno amani nikaona amani. Mke wangu alipoisoma ile barua ya Absalom aliuliza, "Mtu wa amani anamwachaje mwanamke anyeshewe mwaka mzima?" Mimi swali hilo halikunijia.

Maji yamekwisha mwagika, nisikilize yaliyobaki. Njia ziko mbili. Ya kwanza, njoo Kisumu na watoto. Tuna chumba nyuma ya karakana, na mke wangu amekwisha kukifagia kabla sijamaliza kuandika. Ya pili, Mama Seline ndiye anayeitunza bunduki. Akitia nta ya mshumaa ndani ya tundu usiku ule wa mwisho, hata Absalom atie unyoya wa mbuni haitalia. Hakuna atakayeiona.

Chagua mojawapo. Usikae hapo wakuchukue.

Kamrudin


Usenge,
15 Machi 1992

Fundi,

Hasira yangu kwako imepungua, mwambie mama wa nyumbani mwako asante kwa chumba.

Siji. Nikija, watasema nimekimbia, na shamba la Joram litalimwa na Absalom kabla basi halijafika Bondo. Watoto wangu ni wa hapa. Nta nayo sitaki. Nikitia nta nitakuwa nimekubaliana nao kwamba bunduki ndiyo inayoamua, ila mimi nimeiba kura. Mimi nasema haiamui kitu.

Nijibu hili tu, na ujibu kwa uhakika kama fundi, si kama rafiki. Inawezekana kuifanya ikatae na ilie, ikatae na ilie, kila mtu akiwa anaangalia, siku hiyo hiyo na mkono huo huo?

Perez Awuor


Kisumu,
20 Machi 1992

Mama Dishon,

Inawezekana. Pakia bila unyoya, shindilia sana, na kisahani ukijaze mpaka tundu lizikwe. Itawaka nje tu. Baruti ya ndani itakuwa bado ipo, kwa hiyo USIPAKIE TENA JUU YAKE, hilo litakuua. Ngoja kidogo huku mtutu umeelekea kusiko na mtu, kisha ingiza mrija wa unyoya tunduni, uusukume mpaka ndani ufungue njia, uutoe, weka baruti mpya kidogo kwenye kisahani, ufyatue. Italia ile ile iliyokataa. Kabla ya kupakia upya, pitisha kitambaa chenye maji mtutuni uzime makaa.

Kama fundi nakwambia kwamba kulia nina hakika, lakini kukataa sina hakika kabisa. Hata tundu baya hupitisha moto siku moja moja. Ikilia bila unyoya mbele ya watu wale, umekwisha.

Kitako kikaze begani, la sivyo kitakuvunja taya.

Kamrudin


Usenge,
28 Aprili 1992

Kwa Fundi Kamrudin na mama wa nyumbani mwako.

Bega langu ni jeusi kama sufuria. Naandika kwa shida lakini naandika.

Watu walijaa pale mpakani. Absalom alivaa lile koti. Alipakia kwa unyoya, akaomba sala ndefu, akauchomoa na kuuinua juu ili wote wauone, akafyatua kuelekea ziwani. Ikalia mpaka ndege wa ufukweni wakaruka wote. Wanawake wakapiga vigelegele, hata rafiki zangu. Absalom akageuka akaniangalia. "Joram amekubali," akasema. "Mmesikia na maskio yenu."

Nikasimama. Nikasema, "Muulizeni tena."

Mzee Enos akauliza, "Tena nini?"

"Joram. Kama ni yeye ameongea, si ataongea tena? Lakini bila unyoya. Mtu amekufa anataka unyoya ya nini?"

Absalom akakataa. Akasema mambo ya wafu hayarudiwi. Vijana wa lori, waliokuwa wakimpenda Joram, wakaanza kupiga kelele arudie, kwamba anaogopa nini. Mzee Enos akamwambia arudie. Akapitisha kitambaa, akapakia bila unyoya, akashindilia kwa hasira, akajaza kisahani mpaka baruti ikamwagika. Sikuhitaji kumwambia ajaze, hasira yake ilijaza yenyewe. Akafyatua. Moto fuu pembeni, moshi machoni, kimya.

"Ah," nikasema, "sasa amekataa."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Nikamwendea Absalom nikashika bunduki kwa mtutu, naye akaivuta. Mwanamke kuishika bunduki ya boma mpakani ni jambo ambalo halijawahi kuonekana. Mzee Enos alifungua kinywa. Lakini Mama Seline alikuwa ameinuka, akaja na mkongojo wake, akamwambia mwanawe, "Wacha. Hiyo bunduki ni ya bwana yangu, si yako." Absalom akaachia.

Nilifanya kama ulivyoandika. Niliuelekeza mtutu ziwani, nikangoja, nikachukua unyoya wake nikausukuma mpaka ndani, nikautoa, nikaweka baruti kidogo. Nikafyatua. Fundi, nilianguka chali. Lakini ililia, baruti ile ile iliyokuwa imekataa mkononi mwa Absalom. Niliinuka na vumbi mgongoni nikauliza, "Sasa amekubali tena. Lakini safari hii amekubali nini? Amekubali mimi nisirithiwe, kwa sababu mimi ndiye nimefyatua." Nikapitisha kitambaa chenye maji, nikapakia bila unyoya, ikakataa. Nikachomeka unyoya, ikalia. "Amekataa. Amekubali. Niendelee? Chifu amesema baruti iko." Kufikia hapo watu walikuwa wakicheka wakishikana, hata wale wanawake wa vigelegele, na watoto wakawa wanapiga kelele "Amekataa! Amekubali!" kabla mimi sijasema.

Nikawaambia waliponyamaza: "Joram amekufa. Aliyekufa hasemi kwa bunduki wala kwa Absalom. Mimi ndio niko na mdomo, na huu mdomo unasema sitaki. Mkitaka kunifukuza, mnifukuze kwa mdomo yenu, msijifiche kwa ya Joram."

Mzee Enos alikuwa anatafuta neno la kusema, na nadhani angelipata, maana wazee hawakosi neno. Lakini Mama Seline alikuwa bado amesimama. Aliongea polepole, na watu walisogea ili wamsikie.

"Siku ya Oketch ililia," akasema. "Mwaka themanini na tano. Enos, wewe ulikuwa hapo. Ikalia mara moja, mkasema Oketch amekubali, mkanipeleka kwa ndugu yenu jioni hiyo hiyo. Joram ndiye alifyatua. Alikuwa ameweka hiyo unyoya mimi nikimwona." Akamnyooshea Enos mkongojo. "Nani aliuliza Seline?"

Mzee Enos alitazama chini. Kisha akavaa kofia akaenda zake bila kula, na wazee wengine wakamfuata mmoja mmoja. Absalom alibaki amekaa kwenye kiti peke yake, na mimi nilimpelekea chakula, kwa sababu ni mgonjwa na ni kaka wa mume wangu. Alikula.

Wengine hapa sasa hawanisalimu. Wapo wanaosema nitapata chira, tutaona. Jana wale vijana wa lori walipanda juu ya paa langu na mabati mapya bila kuitwa, na Mama Seline amehamishia kitanda chake nyumbani kwangu. Usiku anakoroma na mchana anamsimulia kila anayepita habari za mwaka themanini na tano, tena kwa sauti.

Ukiniandikia, tumia anwani ile ile. Sijahama.

Perez Awuor